Nguzo ya taa ni ya nani?

Leo naomba tuzungumzie karatasi. Sisemi karatasi za kura wala noti za benki. Nasema ile karatasi ya kawaida ambayo kikundi cha mtaani kinatoa nakala mia mbili pale stesheneri: "Jumamosi saa nane mchana, uwanja wa shule ya msingi, wote mnakaribishwa." Inaweza kuwa kwaya, timu ya mpira, chama cha kuzikana au kina mama wa vikoba. Wakishaichapa wanajiuliza waibandike wapi. Ukuta wa mtu una mwenyewe. Gazeti lina bei, na mimi nafanya kazi gazetini, najua robo ukurasa inauzwaje. Redio ndiyo usiseme. Kinachobaki ni barabara, bustani, stendi na nguzo za taa, yaani mali ya manispaa. Na hapo ndipo unapokutana na afisa mwenye mhuri na mgambo mwenye ngazi.

Wengi wetu tunaliona jambo hili kama suala la usafi tu. Mabango yanachafua mji, yabanduliwe, basi. Mimi naona ni kubwa kuliko hapo. Anayeamua karatasi ipi ibaki kwenye nguzo na ipi ibanduliwe anaamua pia nani atapata watu kwenye mkutano wake na nani atahutubia viti vitupu.

Nchi ambayo ugomvi huu umepiganwa mahakamani kwa muda mrefu, kesi juu ya kesi, na kumbukumbu zote zipo, ni Marekani. Huwa tunadhani wenzetu wale uhuru wao wa kusema ulishuka pamoja na Katiba, wakaupokea, wakaendelea na maisha. Wapi! Mpaka mwaka 1938 mji mdogo wa Marekani ulikuwa na uwezo wa kukufunga kwa kugawa kipeperushi bila ruhusa ya meneja wa mji. Hebu tuifuate hiyo safari.

Tuanzie Boston. Pale katikati ya jiji kuna bustani kubwa inayoitwa Boston Common, ambayo ipo tangu mwaka 1634. Mei 1894 mhubiri mmoja, William Davis, alisimama humo akahutubia watu. Sheria ndogo ya jiji ilikuwa inasema hakuna mtu kuhutubia, kufyatua mzinga au bunduki, kuuza bidhaa wala kusimamisha kibanda cha maonyesho kwenye viwanja vya umma bila kibali cha meya. Mnaona mahubiri yalipowekwa? Kapu moja na mzinga. Davis hakuwa na kibali, akatiwa hatiani, akakata rufaa.

Mwaka 1895 kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo la Massachusetts, mbele ya jaji aliyeitwa Oliver Wendell Holmes. Huyu baadaye alikuja kuwa mmoja wa majaji wanaosifiwa sana kwa kutetea uhuru wa kusema, lakini wakati ule hakuwa hivyo. Hoja yake ilikuwa fupi na kavu: serikali kumkataza mtu kuhutubia kwenye bustani ya umma hakumwondolei haki yake zaidi ya vile mwenye nyumba anavyoweza kumkataza mgeni kuhutubia sebuleni kwake. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana naye bila jaji hata mmoja kupinga.

Naomba mlishike neno hilo, mwenye nyumba. Maana yake bustani ni ya jiji kama sebule ilivyo yako. Jiji likikukaribisha ushukuru, likikufukuza uondoke, na halina haja ya kukueleza sababu. Kwa miaka arobaini iliyofuata miji mingi ilitunga sheria ndogo kwa mtindo huo. Kibali kwa kila kitu, na mwenye kutoa kibali ni meya, mkuu wa polisi au karani, kwa kadiri atakavyoona inafaa. Hilo "atakavyoona inafaa" ndilo lililoleta kesi zote nitakazozitaja.

Sasa twende Griffin, mji mdogo jimboni Georgia. Huko sheria ndogo ilikataza kugawa vipeperushi, vijitabu, matangazo au maandishi ya aina yoyote, kwa mkono au vinginevyo, bila ruhusa ya maandishi ya meneja wa mji. Alma Lovell, mwanamke wa Mashahidi wa Yehova, alikuwa akigawa machapisho ya dini yake, na hakuomba ruhusa. Sababu yake ilikuwa kwamba ametumwa na Yehova, na kwenda kumwomba ruhusa binadamu kingekuwa kitendo cha uasi. Akapigwa faini ya dola 50, asipolipa jela siku 50.

Machi 1938 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria ile. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes aliandika jambo ambalo sisi waandishi wa habari tungepaswa kulikumbuka kila tunapojiona wateule: uhuru wa vyombo vya habari hauishii kwenye magazeti na majarida, unavihusu pia vijitabu na vipeperushi. Kwa maneno mengine, yule mama na mfuko wake wa karatasi ni mwenzetu. Na sheria inayosema "njoo kwanza nikuruhusu ndipo ugawe" ni ule ule udhibiti wa kale wa kuwapa wachapaji leseni, ila umehamishiwa ofisi ya meneja wa mji. Mahakama haikusubiri kuona kama meneja angemkatalia. Kosa lilikuwa kwamba sheria ilimpa uwezo wa kukataa bila kumwekea kipimo.

Mwaka uliofuata, 1939, ndio ulikuwa mwaka wenyewe. Kulikuwa na kesi mbili kubwa.

Ya kwanza inatoka Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York. Meya alikuwa Frank Hague, bwana mkubwa aliyetawala mji ule kuanzia 1917 hadi 1947, miaka thelathini, na ambaye magazeti yalimnukuu akisema yeye ndiye sheria. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoitwa CIO lilitaka kuandikisha wanachama, kufanya mikutano na kugawa vipeperushi. Hague hakutaka kabisa. Polisi wake waliwakamata wagawaji, wakawanyang'anya karatasi, na wengine wakasindikizwa hadi kwenye pantoni na kurudishwa New York. Hata Norman Thomas, kiongozi wa chama cha Kisoshalisti aliyekuwa ameshagombea urais wa Marekani, alitolewa mjini namna hiyo mwaka 1938. Sheria ndogo ya mwaka 1930 ilimruhusu mkurugenzi wa usalama kukataa kibali cha mkutano kama kwa maoni yake kungezuka fujo. Na kwa maoni yake, fujo ingezuka kila mara CIO walipoomba.

Hapo Jaji Owen Roberts akaandika maelezo ambayo mpaka leo mawakili wa Marekani wanayarudia. Alisema mitaa na bustani, vyovyote hatimiliki itakavyosoma, tangu zamani za zamani zimekuwa zikishikiliwa kwa amana kwa ajili ya wananchi, wakutane humo, wabadilishane mawazo, wajadili mambo yao. Kwa hiyo jiji likapata jina jipya, mdhamini. Mdhamini anaruhusiwa kupanga ratiba, kuzuia msongamano, kuhakikisha magari ya wagonjwa yanapita, lakini hawezi kusema "hii ni sebule yangu". Katika maelezo hayo Roberts aliungwa mkono na jaji mmoja tu. Wenzake waliompa CIO ushindi walipita njia nyingine ya kisheria. Lakini njia yake ndiyo iliyobaki.

Kesi ya pili, iliyoamuliwa Novemba 1939, ilikusanya pamoja mashauri kutoka miji minne, na ndiyo inayokaribia zaidi ile karatasi yetu ya Jumamosi saa nane mchana. Los Angeles, mtu alikamatwa akigawa vikaratasi vya kutangaza mkutano wa kuzungumzia vita ya Hispania. Worcester, Massachusetts, watu walikamatwa wakitangaza mkutano wa kulalamikia namna bima ya wasio na ajira ilivyokuwa ikiendeshwa. Milwaukee, mtu aligawa karatasi mbele ya duka la nyama lililokuwa na mgogoro wa kazi. Irvington, New Jersey, alikuwa tena mwanamke wa Mashahidi wa Yehova, Clara Schneider, akipita nyumba kwa nyumba.

Miji mitatu kati ya hiyo minne ilikuwa na sababu nzuri ya kueleza. Uchafu! Karatasi zinatupwa barabarani, jiji linazoa kwa gharama. Na kweli, karatasi zilitupwa. Kule Milwaukee polisi waliwaacha waliozipokea na kuzitupa, wakamkamata aliyegawa. Jaji Roberts akajibu kwamba usafi wa barabara ni jambo jema, lakini dawa ya uchafu ni kumwadhibu anayetupa karatasi, siyo anayempa mwenzake karatasi mkononi. Gharama ya kuzoa ndiyo bei ya kuwa na uhuru. Akaongeza kitu kingine ambacho nakipenda zaidi: huwezi kumwambia mtu asitumie haki yake mahali panapofaa kwa kisingizio kwamba anaweza kuitumia mahali pengine.

Hiyo ya "nendeni mkatangaze kwingine" tunaifahamu, siyo?

Baada ya karatasi ikaja sauti. Mwaka 1948, kwa kura tano kwa nne, mahakama ilifuta sheria ya mji wa Lockport, New York, iliyomwachia mkuu wa polisi kuamua nani atumie kipaza sauti. Mwaka 1949, tano kwa nne vilevile, ikaikubali sheria ya Trenton, New Jersey, iliyozuia magari ya matangazo yenye makelele mitaani. Ukizisoma pamoja unaona kama zinagongana, lakini tofauti ipo: Lockport polisi alikuwa anachagua nani aongee, Trenton kelele zilizuiwa kwa wote. Mimi ninayekaa jirani na barabara ambayo gari la matangazo ya dawa ya kunguni linapita alfajiri, kwa Trenton nawaelewa kabisa.

Lakini nisiwapotezee muda kwenye kunguni. Birmingham, Alabama, ndipo kibali kilipoonyesha meno yake yote. Sheria ndogo ya jiji lile ilisema tume ya jiji inaweza kukataa kibali cha maandamano kama ustawi wa umma, amani, usalama, afya, adabu, utaratibu, maadili au starehe ya umma itahitaji. Sasa niambieni, kitu gani hakiingii humo? Mwanzoni mwa Aprili 1963 mjumbe wa kundi la mchungaji Fred Shuttlesworth alikwenda kuomba kibali. Aliyemkuta ofisini ni Bull Connor, kamishna wa usalama, ambaye alimwambia hawatapata kibali Birmingham, na kwamba yeye mwenyewe angewapeleka jela. Ijumaa Kuu, Aprili 12, watu 52 wakatoka kanisani wakatembea kwa miguu, wawili wawili, pembeni ya barabara, wakisimama kwenye taa nyekundu. Wakakamatwa. Ni maandamano hayo yaliyompeleka Martin Luther King jela, alikoiandika ile barua yake maarufu.

Shuttlesworth alihukumiwa siku 90 za kazi ngumu, na siku nyingine 48 kama hatalipa faini ya dola 75 na gharama za dola 24. Ilichukua mpaka 1969 kwa Mahakama ya Juu kusema hukumu ile ni batili. Miaka sita! Mahakama ilisema kwamba sheria ya kibali isiyo na vigezo finyu na vilivyo wazi ni batili, na aliyekumbana nayo anaweza kuipuuza, akaenda kufanya jambo lake, kisha akajitetea mahakamani. Lakini kuna mtego. Mwaka 1967 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeshawafunga viongozi wa maandamano yale yale kwa sababu walikaidi amri ya jaji. Sheria ndogo mbovu unaweza kuipuuza. Amri ya mahakama, hata ikinakili sheria hiyo hiyo mbovu, huwezi. Wanasheria watawaeleza mantiki yake. Mimi naripoti tu.

Miaka ya sabini majaji walianza kugawa mali ya jiji mafungu mafungu. Siyo kila kitu cha manispaa ni bustani, walisema. Mwaka 1974 walikubali mji wa Shaker Heights, Ohio, uuze nafasi za matangazo ndani ya magari yake ya usafiri wa umma kwa biashara lakini ukatae tangazo la mgombea wa kisiasa, kwa maelezo kwamba abiria amekaa, hana pa kukimbilia. Mwaka 1975, kinyume chake, waliiambia Chattanooga, Tennessee, kwamba ukumbi wa maonyesho wa jiji hauwezi kufungiwa mchezo wa kuigiza wa "Hair" kwa sababu tu bodi inadhani haufai. Kwa hiyo mtaa na bustani ni vya wote. Ukumbi ukishafunguliwa kwa wananchi nao una masharti. Gari la abiria ni hadithi nyingine.

Na nguzo ya taa je?

Jibu lilikuja Mei 1984 kutoka Los Angeles. Mwaka 1979 Roland Vincent aligombea udiwani. Wafuasi wake waliagiza mabango ya karatasi ngumu, upana wa inchi 44 na kimo cha inchi 15, yakaning'inizwa kwenye vyuma vya nguzo za umeme na simu. Sheria ndogo ya jiji ilikataza kubandika chochote kwenye mali ya umma. Wafanyakazi wa jiji wakapita na magari yao. Katika wiki moja tu ya mwanzoni mwa Machi 1979 waliondoa mabango 1,207, na kati ya hayo 48 yalitambuliwa kuwa ya Vincent. Mengi yaliyobaki yalikuwa ya biashara. Takwimu hii nimeipenda kwa sababu inaonyesha kwamba jiji halikuwa likimwinda yeye. Lilikuwa linabandua kila kitu.

Kwa kura sita kwa tatu jiji likashinda. Jaji John Paul Stevens alitofautisha na kesi ya 1939 kwa ustadi: kipeperushi ukimpa mtu, uchafu unatokea pale tu mpokeaji akikitupa, hivyo mwadhibu mtupaji. Bango kwenye nguzo lenyewe ndilo kero kwa macho, hakuna mtu wa tatu wa kumlaumu. Na nguzo haijawahi kuwa mahali pa watu kukutana kama mtaa ulivyo. Ukitaka kusema, simama chini ya nguzo useme, gawa karatasi zako hapo hapo.

Jaji William Brennan na wenzake wawili walikataa. Hofu yake ilikuwa kwamba neno "uzuri wa mji" ni laini mno, kila mwenye madaraka anaweza kulivuta apendavyo. Nami, nikiwa upande wa wenye nakala mia mbili, naona Brennan alikuwa na hoja ambayo Stevens aliipita haraka. Kusimama chini ya nguzo saa nane mchana siku ya kazi kunahitaji mtu asiyekuwa kazini. Bango linasimama lenyewe wakati mama lishe yuko jikoni. Hata hivyo nakiri kuna haki fulani katika sheria inayombandua kila mtu sawasawa. Shida kubwa ni pale jiji linapobandua karatasi ya kikundi halafu likakodisha nguzo ile ile kwa kampuni ya simu.

Ada nayo ina historia. Januari 1987, Forsyth, Georgia, wilaya yenye sifa mbaya ya ubaguzi, waandamanaji 90 wa haki za kiraia walishambuliwa na watu kama 400. Wiki iliyofuata wakaja waandamanaji kama 20,000, na ulinzi wake ukagharimu zaidi ya dola 670,000. Wilaya ikatunga sheria kwamba anayetaka kuandamana atalipa hadi dola 1,000 kwa siku, kiasi akipange msimamizi wa wilaya. Aliyekwenda mahakamani kuipinga siyo wale wa haki za kiraia. Ni kundi la kibaguzi lililotaka kuandamana mwaka 1989 kupinga sikukuu ya Martin Luther King, likatozwa dola 100. Mwaka 1992 likashinda, tano kwa nne. Mahakama ilisema msimamizi akipanga ada kwa kukisia gharama za polisi, basi anayechukiwa zaidi atalipa zaidi, na wapinzani wako ndio wanakupangia bei. Kundi lenyewe halinivutii hata kidogo. Lakini jaribu kuweka mahali pake wale waandamanaji 90 wa mwanzo, uone ada ingewafikia ngapi.

Isije ikaonekana kwamba majiji yanashindwa tu. Mwaka 2002 Chicago ilishinda bila jaji kupinga. Bustani zake zilihitaji kibali kwa mkusanyiko wa watu zaidi ya 50, na aliyelalamika alikuwa kikundi cha kutetea bangi kihalalishwe, ambacho wakati mwingine kilipewa kibali na wakati mwingine kikanyimwa. Kwa nini Chicago ilishinda na Birmingham ikashindwa? Kwa sababu sheria ya Chicago iliorodhesha sababu za kukataa, ikaweka siku 14 za kujibu, ikataka jibu la kukataa liwe la maandishi lenye sababu, na ikafungua njia ya rufaa. Karani hakuachiwa moyo wake. Kama kuna diwani anayesoma hapa, achukue hiyo.

Huku kwetu ugomvi wa kibali tuliupitia kwa njia yetu, ingawa wa kwetu ulikuwa na polisi zaidi ya manispaa. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, Mahakama Kuu Dodoma, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, alisema kumlazimisha mtu aombe kibali kabla ya mkutano wa hadhara ni kinyume cha Katiba. Kinachotakiwa ni kutoa taarifa, na sheria ya polisi ya Tanzania inazungumzia saa 48. Kenya walifanya badiliko kama hilo mwaka 1997, leseni ya mkutano ikageuka taarifa ya siku zisizopungua tatu. Kwenye karatasi, kibali na taarifa ni vitu viwili tofauti kama usiku na mchana. Uwanjani, waandishi wenzangu wanajua jinsi taarifa inavyoweza kugeuka kibali ikifika mezani kwa mtu.

Sasa turudi kwa kesi ambayo ingemchekesha mtu yeyote aliyewahi kubandika tangazo la kwaya. Gilbert, Arizona, mji jirani na Phoenix. Mchungaji Clyde Reed alikuwa na kanisa dogo lisilo na jengo, leo wanasali kwenye shule, kesho kwingine. Ili watu wajue ibada iko wapi, waumini waliweka mabango 15 hadi 20, mengi kwenye hifadhi ya barabara, Jumamosi asubuhi, wakayaondoa Jumapili mchana. Mji ukawaandikia makosa: mabango yamepitisha muda, na tena hayakuandikwa tarehe. Bango moja likachukuliwa, mchungaji akalifuata ofisini.

Tazameni vipimo vya sheria ile. Bango la mawazo, tuseme "Okoeni mazingira", liliruhusiwa hadi futi za mraba 20, likae muda wowote. Bango la siasa hadi futi 32 nje ya makazi, tangu siku 60 kabla ya kura za mchujo mpaka siku 15 baada ya uchaguzi mkuu. Bango la kuelekeza watu kwenye shughuli ya dini, hisani, elimu au huduma kwa jamii, futi za mraba 6 tu, yasizidi manne mahali pamoja, lisiwekwe zaidi ya saa 12 kabla ya shughuli, na liondolewe ndani ya saa moja baada ya kumalizika. Saa 12 kabla! Ibada ni Jumapili asubuhi, maana yake bango liwekwe Jumamosi usiku, gizani. Mgombea anakaa barabarani miezi, kwaya inapewa usiku mmoja.

Mji ulijitetea kwa uzuri wa mandhari na usalama wa madereva. Juni 2015 majaji wote tisa waliipa Gilbert jibu la hapana. Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba kama inabidi usome bango ndipo ujue sheria ipi inalihusu, basi sheria hiyo inaangalia maneno, na ya namna hiyo hupita kwenye tundu la sindano. Jaji Elena Kagan alihofia kanuni ya Thomas ni pana mno, ingeangusha sheria nyingi za mabango zisizo na ubaya, lakini kuhusu Gilbert alisema utetezi wao haupiti hata mtihani wa kutochekwa. Miji mingi ilianza kuandika upya sheria zake za mabango. Na mwaka 2022, katika kesi ya Austin, Texas, mahakama ikalegeza kidogo, ikasema kutofautisha bango lililopo kwenye eneo la shughuli na lile lililo mbali nalo siyo lazima kuwe ni kuangalia maneno.

Namalizia nilipoanzia, Boston. Mbele ya ukumbi wa jiji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka bustani alipohubiri Davis, kuna milingoti mitatu ya bendera yenye kimo cha futi 83. Mlingoti wa tatu jiji liliwaachia wananchi: kikundi kinafanya sherehe pale uwanjani, kinapandisha bendera yake, watu wanapiga picha. Kati ya 2005 na 2017 zilifanyika sherehe 284 kwa bendera 50 tofauti, nyingi za mataifa, nyingine za vikundi, hata ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Hakuna aliyekataliwa. Mfanyakazi aliyeshughulikia maombi hakuwa hata akidai kuiona bendera mapema. Mwaka 2017 Harold Shurtleff akaomba kupandisha bendera ya Kikristo kwa niaba ya kikundi chake, na jiji likakataa, likihofia kuonekana linaunga mkono dini.

Boston ilijitetea kwamba mlingoti ni mdomo wa jiji lenyewe, na jiji lina haki ya kuchagua maneno yake. Mei 2022 majaji wote tisa, kwa kalamu ya Stephen Breyer, walisema hapana: huwezi kumpandishia bendera kila anayeomba kwa miaka 12 bila kuuliza, halafu siku moja useme zote zilikuwa sauti yako. Lakini Breyer aliongeza kwamba hakuna kinachoizuia Boston kubadilisha utaratibu wake.

Boston ikabadilisha. Bendera ya Shurtleff ilipandishwa mwanzoni mwa Agosti 2022, ikashushwa siku ile ile. Mwezi huo huo jiji likapitisha sheria ndogo mpya: bendera kwenye mlingoti ule itapanda kwa tamko la meya au kwa azimio la baraza la madiwani.